Kamera nane, picha ya kofia moja

Jamani, hebu tuambiane ukweli kuhusu hizi kamera za usalama zinazoning'inia kwenye maegesho ya ploti zetu hapa Nairobi. Nyingi ni mapambo. Ukiwa mtu wa tarakilishi, majirani hudhani unaweza kusafisha picha yoyote kama wapelelezi wa runinga, kwa hiyo nimeletewa video za usiku mara nyingi tu. Zote ni moja. Saa nane na ushei kivuli kinaingia, kinainama kando ya gari, kinaondoka na vioo viwili vya pembeni na redio. Kivuli kimevaa kofia. Ushahidi unaishia hapo.

Kisha anaitwa soja wa usiku. Kwa kuwa kamera haikumwonyesha mwizi, na soja ndiye mtu pekee mwenye sura inayotambulika kwenye video nzima (amekaa chini ya taa ya geti, maskini), yeye ndiye anayepelekwa kituoni, au anakatwa mshahara ambao tangu hapo haukumtosha. Hili ndilo linalonikasirisha. Kamera mbovu inaumiza watu, na kamati ya wapangaji inaenda kulala ikijisifu kwamba "tumeweka CCTV".

Tatizo linaanzia dukani. Ukizunguka Luthuli Avenue utauziwa pakiti: kamera nane, mashine ya kurekodia, waya, diski. "Boss, hii ni megapikseli nane, inaona hadi chunusi." Hewaa! Inaona chunusi mchana, dukani, chini ya taa kumi. Mwambie azime taa uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62676-4, ambacho katika toleo lake la 2014 kilisema kwamba ili umtambue mtu usiyemjua unahitaji takriban pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Mtu unayemjua tayari, 125. Kujua tu kwamba kuna mtu pale, 25 zinatosha. Sasa, kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Lenzi inayokuja na pakiti nyingi za bei nafuu ni ya milimita 2.8, ambayo inafungua pembe ya nyuzi 100 hivi. Mita 10 mbele yake, eneo linaloonekana lina upana wa kama mita 24. Gawanya: pikseli 80 kwa mita. Hapo hata ndugu yako wa tumbo moja utambahatisha kwa mwendo wake tu.

Weka kamera hiyo hiyo na lenzi ya milimita 6, iangalie geti dogo la waendao kwa miguu kutoka mita 7. Upana unakuwa kama mita 6 na nusu, na unapata karibu pikseli 290 kwa mita. Kamera ni ile ile, megapikseli ni zile zile. Kilichobadilika ni lenzi na mahali. Halafu iteremshe! Fundi anapenda kuifunga orofa ya pili "ili ione kote", na kutoka kule juu sura ya binadamu ni kofia. Mita 2 na nusu kutoka chini zinatosha.

Najua swali linalofuata: si ninunue tu hiyo ya megapikseli 8? Katika kamera za bei rahisi, sensa ndani yake mara nyingi ina ukubwa ule ule. Ni shamba lile lile limegawanywa vipande mara nne zaidi, na kila kipande kinapata robo ya mwanga. Usiku kamera hulazimika kuacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, na mtu anayetembea anatoka kama uji uliomwagika. Gari lililoegeshwa litaonekana vizuri sana, lakini gari halijaiba kitu.

Na hizo taa za infraredi mnazosifiwa? Zinaisaidia kamera, hazimtishi mwizi hata kidogo, maana haoni ila vitone vyekundu hafifu. Yeye amesimama gizani, na giza ndilo mwenzake wa kazi.

Wauzaji hupenda kusema utafiti umethibitisha kamera hupunguza wizi. Kweli, upo. Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tafiti za nchi mbalimbali, na ripoti yao ya 2008 ilionyesha kwamba kwenye maegesho ya magari, ambako tafiti zenyewe zilikuwa za Uingereza, uhalifu ulipungua kwa asilimia 51. Katikati ya miji upungufu ulikuwa kama asilimia 7, yaani karibu na bure. Lakini someni hadi mwisho, wapendwa: maegesho yale mara nyingi yaliwekewa pia taa bora, ua, mabango au walinzi. Muuzaji anakunukulia asilimia 51 kisha anakuuzia kamera peke yake.

Kwa hiyo pesa za kamera nane ningezigawa hivi. Kwanza taa nyeupe za LED zenye kihisi cha mwendo, zile zinazowaka ghafla mtu akipita kwenye ukuta wa nyuma. Mwizi akimulikwa anajua ameonekana, na soja naye anageuka. Kisha kamera moja nzuri ya megapikseli 4, yenye sensa kubwa, pale getini, na ya pili yenye pembe pana ya kuonyesha tu gari lipi liliguswa na saa ngapi. Zinazobaki zinunue betri. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na mitaani kwetu hauhitaji siku kubwa kama hiyo ili upotee. Betri ya volti 12 na Ah 7 ikibeba mzigo wa wati 35 inakupa saa mbili hivi. Diski isikusumbue: kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 22 kwa siku, kwa hiyo kamera mbili kwenye diski ya TB 1 zinakupa zaidi ya wiki tatu.

Mafundi, nanyi sikilizeni. Mnaacha nywila ya kiwandani, mnafungua mlango kwenye ruta ili mwenye ploti aangalie kwa simu, mnachukua pesa na kuondoka. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi tu ya nywila za kiwandani, ikateka malaki ya vifaa, vingi vikiwa kamera na mashine za kurekodia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo mafuriko yake yaliilemea kampuni ya Dyn hadi Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Ile kamera yako ya kulinda Probox inaweza kuandikishwa jeshi bila wewe kujua.

Saa ya mashine pia mnaiacha ikisoma 1 Januari 2000. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kuthibitisha rekodi ya kielektroniki kabla mahakama haijaipokea. Nani atatia sahihi video inayosema wizi ulifanyika kabla gari halijaundwa? Na wekeni bango la kusema kuna kamera, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka watu wajulishwe wanaporekodiwa, na muigeuze ile inayochungulia dirisha la chumba cha jirani.

Na kwa wale ambao kamera zenu tayari ziko ukutani: mtu apande ngazi wikendi hii afute utando wa buibui kwenye lenzi. Usiku unamulikwa na infraredi na kugeuka ukungu mweupe, na buibui wanapajenga upya kila wiki kwa sababu taa zile huwavutia wadudu.