Kabla ya Kumtoboa Ng'ombe, Tuangalie Ndoo Yake

Hostelini siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa serotonini. Ukila chokoleti ni serotonini, ukimwona fulani ni serotonini, boom likiingia ndiyo usiseme kabisa. "Homoni ya furaha," wanaiita. Sasa habari hizi zimefika mpaka bandani: wapo watafiti wa mifugo wanaojiuliza kama kiasi cha serotonini kwenye damu kinaweza kutuambia ng'ombe wa maziwa anaishi vizuri au anateseka. Swali ni zuri. Ila mimi ninayesoma ualimu wa Biolojia na Kemia, na kwetu ni Ujiji, jibu la namba moja linanitia wasiwasi.

Kwanza niwape haki yao. Ng'ombe hasemi, na mwenye ng'ombe, tuseme ukweli, si shahidi mzuri. Muulize mfugaji wa Mwanga au Gungu hali ya ng'ombe wake, atakwambia, "Mzima tu, si unaona anatoa maziwa?" Lakini ng'ombe anaweza kujaza ndoo huku anachechemea kwato, na yule anayemwona kila siku asigundue lolote. Kutamani kipimo kisichodanganywa na mazoea ni jambo la maana.

Tatizo ni serotonini yenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili haitengenezwi kwenye ubongo, inatengenezwa kwenye utumbo. Ndani ya damu husafiri kwenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na haivuki kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo ukichota damu shingoni mwa ng'ombe hujachungulia mawazo yake. Tena ukiiacha damu igande kabla ya kupima, chembe zile zinaachia mzigo wake na namba inapanda. Ng'ombe ni yule yule, kilichobadilika ni kazi ya maabara.

Kwa ng'ombe wa maziwa mambo yanazidi kuchanganyika. Laura Hernandez na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wameonyesha kwamba kiwele nacho hutengeneza serotonini, na kwamba inashiriki kuitoa kalsiamu mifupani iende kwenye maziwa. Ng'ombe aliyezaa juzi anahitaji kalsiamu nyingi kwa ghafla. Ikipungua damuni anaanguka, hawezi kusimama, na asipotibiwa haraka anakufa. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, ingawa mwili wala haupati joto. Hapo utafiti wa serotonini unaweza kuokoa mnyama, na uendelee. Lakini namba inayopanda na kushuka kwa sababu ya kuzaa na kukamuliwa, utaisomaje kama habari ya raha na shida?

Sisi wa elimu tunaujua ugonjwa huu. UE ya saa tatu inaamua kama umeelewa somo au unabeba sup. Angalau sisi tuna CA ya kutupunguzia makali.

Sasa njooni Ujiji. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Na juu kidogo tu ya ziwa hilo utakuta ng'ombe wa kufungiwa bandani anapewa ndoo asubuhi na ndoo jioni, kwa kuwa maji yanabebwa kichwani au yananunuliwa. Maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia kama 87. Mchana jua linawaka, hori limekauka, halafu jioni mtu anashangaa maziwa yamepungua, anatafuta mchawi! Ng'ombe huyu hahitaji kutobolewa. Wala damu yake haina haja ya kupanda treni kwenda Morogoro kwa wataalamu wa Sokoine ili tujue ana kiu. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini sijaona mtaani kwetu mtu akiulizwa kuhusu ndoo.

Na jamani, mkoa huu ndio wa kufundisha wengine kuangalia. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 na daftari na darubini, akakaa akatazama sokwe mpaka dunia ikabadili mawazo kuhusu wao. Hata baadaye, watafiti walipotaka kujua virusi vya sokwe wa Gombe, walichunguza kinyesi, bila kumkamata mnyama wala kumchoma sindano.

Pendekezo langu ni kwa wenzangu mtakaopangiwa mazoezi ya kufundisha shule za Kigoma. Tafuta banda moja jirani na shule, omba ruhusa kwa mwenyewe, wapeleke wanafunzi wa Biolojia Jumamosi moja. Kila robo saa waandike: amesimama au amelala? Anacheua? Anaweka uzito kwenye miguu yote minne? Hori lina maji? Ng'ombe mwenye sehemu kavu na laini hulala kama masaa 10 hadi 14 kwa siku, na muda mwingi wa hapo anacheua. Asiyelala, mwangalie sakafu kabla ya kumwangalia yeye: mara nyingi ni zege tupu au tope la mavi. Halafu mwisho wa siku mwonyesheni mwenye ng'ombe daftari hilo, mwacheni asome mwenyewe. Mkienda na galoni la maji, hamtafukuzwa.