Mtalii anaambiwa hali ya njia. Na msafiri wa Kirumba je?

Mtalii aliyepanga chumba Mikeno Lodge, hoteli ya Mbuga ya Virunga kule Rumangabo, hakutoka kwake bila kujua njia. Kabla ya kufunga sanduku alikuwa amekwisha kuambiwa: visa ataipata namna gani, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, koti la mvua na baridi, gari gani litampokea Goma, saa ngapi, na walinzi wa mbuga watakaomsindikiza. Alilipa dolari 400 kuona gorila, na habari za njia zilikuwa ndani ya huduma.

Mama wa Kirumba anayepeleka maharagi Goma alipita barabara ileile, barabara ya kitaifa namba 2. Yeye habari yake aliipata kwa shoferi mwenye haraka ya kujaza gari. Ndiyo maana nasema: habari za usalama wa njia si zawadi ya mwenye dolari. Ni haki ya kila msafiri.

Mei 2018, karibu na Goma, mlinzi Rachel Masika Baraka, mwenye miaka 25, aliuawa akilinda watalii. Waingereza wawili na shoferi wao walitekwa, kisha wakaachiliwa. Mbuga ilifunga mlango kwa wageni mpaka Februari 2019. Iliwaambia wazi: msije kwanza. Raia wa kwetu waliendelea kupita, maana soko halingoji.

Tarehe 22 Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake na shoferi wao Mkongomani waliuawa karibu na Kibumba, kwenye barabara hiyohiyo. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, lilisema kwamba njia ile ilikuwa imeruhusiwa kupitwa bila kusindikizwa. Kama habari mbaya inaweza kumuua balozi, raia asiyepewa habari yoyote atasalimika namna gani?

M23 ilichukua Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, na watalii hawaonekani kwetu. Lakini mgonjwa bado anatafuta hospitali Butembo, mwanafunzi bado anatafuta shule, mchuuzi bado anatafuta bidhaa. Wengine wanazunguka kwa Uganda na kuingilia Kasindi, wakitumia pesa ambazo hawakuzipanga.

Tunaomba mambo machache. Kila asubuhi, redio za kwetu, mashirika ya kiraia na vyama vya mashoferi na motari vitangaze: njia iko wazi mpaka wapi, mvua imeharibu daraja gani, barieri ziko ngapi na zinadai pesa gani, karatasi gani zinaombwa, mtandao wa simu unakatika wapi, na mtu apige simu kwa nani akipata shida. Pale parkingi, ubao mmoja na chaki vinatosha. Na njia ikiwa mbaya, mwenye gari asikatishe tiketi.

Wengine watasema majambazi nao wanasikiliza redio. Ni kweli. Basi saa ya msafara isitangazwe. Waambiwe abiria wenyewe, wakati wa kuondoka. Lakini hatari yenyewe isifichwe, maana majambazi wanaijua kuliko sisi.

Wengine watasema mtalii alilipa. Na mama wa maharagi? Analipa tiketi, analipa mzigo, analipa kila barieri. Pengine kwa kilometa moja analipa kuliko mgeni, na harudishiwi hata neno moja la kumlinda.

Siku moja amani ikirudi, wageni watarudi Virunga na wataulizia njia. Jibu zuri la kuwapa litakuwa lile ambalo wakaaji wa Kirumba wanalisikia kila asubuhi, bila kulipa.