Kilugha Hakimharibii Mtoto

Katika mitaa ya Mafiga, Kihonda na Mji Mpya, mjini Morogoro, watoto wengi wa wazazi walioteremka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole wanakisikia Kiluguru lakini hawakisemi. Bibi akishuka na mkungu wa ndizi humsalimia mjukuu kwa Kiluguru. Mjukuu anaelewa, anajibu kwa Kiswahili, huku akitupa jicho mlangoni kama wenzake wamesikia. Haya hiyo hakuzaliwa nayo. Amefundishwa na wakubwa wanaoamini kwamba kilugha humharibia mtoto Kiswahili na kumrudisha nyuma shuleni.

Imani hiyo haina mashiko. Lafudhi mtoto huiokota kwa anaocheza nao, si kwa bibi anayekuja mara mbili kwa mwaka. Mwalimu Nyerere alikua akisema Kizanaki, na bado akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Huko Montreal, Kanada, mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10, na wenye lugha mbili wakawazidi wenye moja katika majaribio mengi ya akili. Kinachomwangusha mwanafunzi wa Tanzania kinajulikana: shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili, utaratibu wa tangu 1967, halafu kidato cha kwanza anapokewa na Kiingereza. Hapo huyumba mtoto wa Mgeta, na huyumba vilevile mtoto wa Kariakoo asiyejua kilugha chochote.

Wengine huogopa kwamba mtoto atachanganya lugha. Atachanganya, ndiyo, kwa muda. Munhu ya Kiluguru na mtu ya Kiswahili ni ndugu wa Kibantu, na mtoto mdogo huwatenganisha bila kuitiwa mwalimu.

Hasara ya kweli iko upande wa pili, wa kukikosa Kiluguru. Neno lake lukolo kwa kawaida hutafsiriwa "ukoo", tafsiri inayoficha jambo kubwa kuliko yote: lukolo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ndimo ardhi ya mlimani inamorithiwa. Kijana wa mjini aliyeishia kuelewa salamu huenda msibani Matombo, wajomba wakaanza habari za mashamba, naye akabaki kutazama midomo. Kisha wazazi walewale waliomnyamazisha utotoni humlaumu kwamba anajifanya wa mjini.

Sera ya Utamaduni ya 1997 inataka jamii ziendelee kutumia na kujivunia lugha zao za asili. Shuleni hakuna somo la Kiluguru, kwa hiyo kazi hiyo ni ya nyumbani. Bibi akishuka tena na ndizi zake, mzazi amwache mtoto amjibu.