Nitapaka Kochi Langu

"Kwani unapaka kochi rangi, unakaa hapa milele?" Jirani aliniuliza hivyo, na wengi wenu mnawaza kama yeye. Nawajibu: Kakuma ilifunguliwa 1992. Kuna watu wamezaliwa hapa, wakaoa hapa, na bado wanaambiwa wako kwa muda. Aliyeko kwa muda hana haki ya kukaa pazuri?

Kochi nililinunua kuukuu, limepauka, madoa kila mahali. Nikakung'uta vumbi, nikasugua kwa sabuni, nikaacha likauke. Rangi ya kitambaa nikaizimua na maji, nikalowanisha kochi kidogo, nikapaka nyembamba mara tatu. Kila likikauka nalipitishia msasa laini, lisikakamae. Nilichagua rangi ya giza, maana nyepesi haifuniki madoa. Na siku ya upepo sipaki, vumbi letu mnalijua.

Mama yangu aliacha viti vyake Uvira. Toka hapo hakununua kingine: "Tutaondoka tu." Alifariki angali anakalia jerikeni.

Safari ikija, kochi nitamwachia jirani huyohuyo. Isipokuja, nina pa kukaa.