Saruji tunaikagua kwa viungo, si kwa nguvu. Mbona?

Haya wasomaji wangu, leo naweka kodi kando kidogo. Niko nyumbani Nyamira, mzee anajenga, na mimi ndiye ninayetumwa saruji. Mfuko wa kilo 50 unatoka Athi River, zaidi ya kilomita 300, halafu naubeba juu ya mlima mzima wa udongo mwekundu wenye kaolini! Jamani, hii si kichekesho?

Saruji ya kawaida, ile ya Portland, huchomwa hadi nyuzi 1450 hivi. Mawe ya chokaa yakiungua hutoa kaboni yenyewe, hata ungetumia umeme wa jua. Ndiyo maana saruji inachangia karibu asilimia 7 au 8 ya kaboni ambayo binadamu anaitoa hewani.

Njia nyingine ipo, na si ya jana. Victor Glukhovsky aliifanyia kazi Kiev miaka ya 1950. Mfaransa Joseph Davidovits akaipa jina geopolima miaka ya 1970. Udongo wa kaolini unachomwa nyuzi 700 hivi, unasagwa laini, kisha unaamshwa kwa alkali. Unashikana kama jiwe. Uwanja wa ndege wa Toowoomba, Australia, uliofunguliwa 2014, una maegesho ya ndege yaliyomwagwa zege ya namna hii.

Lakini tusinakili tu. Kule walitumia majivu ya makaa ya mawe na taka za viwanda vya chuma. Sisi mradi wa makaa wa Lamu ulifutiwa leseni 2019, na nilishangilia. Chetu ni udongo, na matofali yanayovunjika kwenye tanuri za Kisii. Hayo yameshachomwa tayari, hatuhitaji kukata mkaratusi mwingine. Alkali je? Magadi! Nyanya yangu aliyatia kwenye maharagwe. Soda ya Ziwa Magadi ukiichanganya na maji na chokaa ya Koru, unapata soda kali.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Kiwango chetu cha saruji, KS EAS 18-1, kimefuata cha Ulaya, EN 197-1. Kinaanza na orodha ya viungo, na kila aina kwenye orodha ina klinka. Yaani programu inakataliwa kwa sababu ya lugha iliyoandikiwa, kabla hata haijaendeshwa! Waingereza waliliona tatizo hili, wakatoa PAS 8820 mwaka 2016, inayouliza swali la maana: je, inabeba mzigo? Inadumu?

Mtaniambia viwango vipo kwa sababu majumba yanaanguka. Kweli kabisa. Lakini lile la Huruma, Aprili 2016, halikuangushwa na kemia mpya. Lilijengwa kando ya mto bila idhini. Orodha ya viungo haikumwokoa mtu.

Wala sisemi mkajenge nyumba kesho. Soda kali inaunguza ngozi na kupofusha macho. Fundi bila glavu na miwani asiiguse. Udongo wa Tabaka si wa Keroka, kwa hiyo kila shimo lazima lipimwe upya. Na tafadhali, unga wa matofali usisagiwe kwenye kinu cha mahindi!

Ninachodai ni kidogo: kaunti za Kisii na Nyamira zitoe kipande cha njia ya miguu sokoni. Chuo Kikuu cha Kisii kimwage kabro za udongo wetu upande mmoja, za Portland upande wa pili. Zipondwe kwa mashine siku ya 7 na ya 28, zipigwe na mvua yetu miaka miwili, na matokeo yote yawekwe wazi kwenye mtandao, pamoja na yaliyoshindwa. Sisi wa programu tunaita hiyo kufanya majaribio. Likishindwa, sawa, nitaendelea kubeba mifuko ya Athi River na nitanyamaza. Lakini lishindwe likiwa limejaribiwa.

Mnasemaje?