Kesi ya Ngedere Mbele ya Nyani

Tuanze na kijana wetu wa Dar es Salaam. Machi 2009, Hasheem Thabeet aliichezea UConn katika mashindano ya ligi yao, Big East. Mechi ya kwanza tu wakakutana na Syracuse. Vipindi sita vya ziada! Syracuse wakashinda 127 kwa 117, na UConn wakafunga virago wakarudi nyumbani. Siku tatu baadaye majina ya watakaocheza mashindano ya taifa yalisomwa. UConn hawakuingia tu, waliwekwa kileleni mwa kanda yao. Thabeet akafika hadi nusu fainali kule Detroit.

Sasa twende 2024. Indiana State, chuo alichosoma Larry Bird, walishinda mechi 17 kati ya 20 za ligi yao, Missouri Valley, wakawa wa kwanza. Kwenye fainali ya mashindano ya ligi hiyo wakapigwa na Drake kwa pointi 4. Ushindi 28, vichapo 6. Majina yakasomwa. Wao hawamo.

Wote wawili walishindwa katika mashindano ya ligi zao. Mmoja alipewa kiti cha mbele, mwingine akaachwa nje ya ukumbi. Mbona?

Jibu liko kwenye namna tikiti zinavyogawanywa. Mwaka 2025, kwa mfano, upande wa wanaume kulikuwa na nafasi 68. Tikiti 31 zilikwenda kwa mabingwa wa ligi 31, tikiti moja kila ligi. Hizo sina ugomvi nazo. Umeshinda, umeingia, hakuna wa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Zile 37 zilizobaki ziligawanywa na kamati ya watu 12, wakuu wa michezo wa vyuo na makamishna wa ligi, wakiwa wamejifungia chumbani. Mwaka huohuo ligi moja tu, SEC, iliingiza timu 14 kati ya 16. Texas walikuwa mmoja wao, na ndani ya ligi yao wenyewe walikuwa wameshinda mechi 6 na kushindwa 12.

Rudia hapo polepole. Anayeshindwa mara 12 nyumbani kwao anaingia. Anayeshinda mara 17 kwao anaachwa.

Watetezi wa kamati wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema mechi hazina uzito sawa. Tangu 2018 kuna kipimo kiitwacho NET kinachopanga timu zote, kisha kila mechi inatiwa katika daraja mojawapo kati ya manne, kulingana na nafasi ya mpinzani na mahali mlipochezea. Kumpiga mpinzani aliye kati ya 30 bora ukiwa kwako ni daraja la kwanza. Ukimfuata kwake, hata wa 75 anahesabika. Kwa hiyo, wanasema, Texas walipigana na simba, Indiana State walifukuza sungura.

Haya, tukubali. Lakini nani aliyewanyima hao wadogo simba wa kupigana naye? Vyuo vikubwa havipendi kabisa kusafiri hadi ukumbi wa chuo kidogo. Vinapomhitaji mdogo, vinamlipa aje kwao, apigwe, achukue hundi, aende zake. Kisha Machi ikifika anaulizwa: ushindi wako wa daraja la kwanza uko wapi? Unamnyang'anya mtu jembe halafu unamwita mvivu wa kulima!

Na hata kipimo chao hawakifuati kinapowaumbua. NET iliwaweka Indiana State miongoni mwa 30 bora nchini. Wakaachwa. Mwaka uliofuata North Carolina, waliokuwa na ushindi 1 na vichapo 12 katika daraja la kwanza, wakaingizwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wa michezo wa chuo hichohicho. Kanuni ilimtaka atoke chumbani walipojadiliwa, na alitoka. Sawa. Lakini wenzake waliobaki ndani si wageni kwake. Wahenga walishasema kuhusu kesi ya ngedere na hakimu nyani.

Eti ni mpira tu? Mechi zinazochezwa huko zinailetea ligi husika pesa zinazolipwa kwa miaka sita. Aliyeingia ananenepa, aliyeachwa anakonda, na mwakani mizani inawapima tena kana kwamba walikula chungu kimoja. Baada ya kuachwa, kocha wa Indiana State, Josh Schertz, alihamia Saint Louis, na nyota wake Robbie Avila akamfuata. Timu iliyojengwa kwa miaka ikavunjika majira ya machipuo.

Sisemi tikiti za kamati zifutwe. Zingefutwa zamani, hata Thabeet tusingemwona Detroit. Nasema ziwekewe kanuni mbili. Aliyeshindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda ndani ya ligi yake asipewe. Aliyeongoza ligi yake msimu mzima, na yumo kwenye 50 bora za kipimo chao wenyewe, asinyimwe. Hapo kamati ibaki na kazi ya kugawa makombo, na vijana wapate kilicho chao uwanjani, mbele ya macho ya watu.