Msitupime Masika

Kipaza sauti kilikuwa cha kukodi, aliyekishika alikuwa mcheshi, na uwanja ulishaanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. "Delta oyee! Leo mmekuja kucheza au mmekuja kutalii?"

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa tano 2023, mashindano ya shule za sekondari ngazi ya wilaya, Kibiti. Nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja wa netiboli na wasichana kumi ambao jioni ya jana yake walishuka kwenye boti Nyamisati wakiwa wamelowa hadi kiunoni. Maji yalikuwa yameshakupwa na nahodha hakuweza kusogea zaidi, kwa hiyo waliruka wakatembea kwenye tope, viatu mkononi, jezi kichwani kwenye mfuko wa rambo. Kutoka hapo tulipanda kirikuu hadi kwenye lami pale Bungu, tukasubiri, tukapanda gari lingine. Tulifika Kibiti karibu saa tano usiku. Walilala kwenye madawati. Asubuhi chai ya rangi na andazi moja moja.

Tulifungwa 27 kwa 6.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea kwenye shule moja ya delta, miaka miwili kabla ya kuanza shahada ya uzamili, na kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko walimu wote nilikabidhiwa michezo. Baada ya mashindano kulikuwa na kikao cha tathmini. Mtu mmoja, mtu mwema tu, mwenye nia njema, alisema shule za delta "huwa zinashiriki kukamilisha idadi." Akaongeza kuwa watoto wa kule hawana moyo wa ushindani, wamezoea maisha ya pole pole ya maji. Hakuna aliyebisha. Nami sikubisha, na hilo linanikera hadi leo, ndiyo maana naandika.

Ninachobisha ni hiki. Siku ile hakuna aliyepima uwezo wa wasichana wale. Kilichopimwa kilikuwa masika.

Angalia kalenda. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari kwa kawaida hufikia kilele mwezi Juni: Mtwara 2021, na kadhalika. Ili timu ya mkoa iwe tayari Juni, mkoa unachagua Mei. Ili mkoa uchague Mei, wilaya inacheza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kabla yake kata na shule. Maana yake mazoezi yote ya maana yanaangukia Machi na Aprili. Na Machi na Aprili katika delta ya Rufiji ni maji juu, maji chini, maji pembeni.

Kwa wasiofika: delta ni msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mingine yote ya Afrika Mashariki, uliokatwakatwa na mikono ya mto na vijito vya bahari. Kata kama Salale, Msala, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni ziko humo au zinagusa humo. Ardhi kavu ni kidogo, na ile iliyopo ina nyumba, msikiti, shule na minazi. Uwanja unabaki mahali ambapo hakuna mtu angejenga. Uwanja wetu ulikuwa wazi na mzuri Agosti. Aprili mvua ikiushika, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bamvua likaja juu yake, goli moja linasimama kwenye maji kama mtego wa samaki. Mwezi wa nne mwaka ule niliandika kwenye daftari langu siku za mazoezi: tano. Mbili kati ya hizo tulifanyia ndani ya darasa, tukirushiana mpira juu ya madawati hadi tukavunja kioo, kioo cha pekee kilichokuwa kimebaki.

Halafu kuna mpunga. Miezi hiyo hiyo mpunga uko shambani, na mpunga wa Rufiji haulindwi kwa maombi. Familia nyingi huhamia madunguni kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku, na watoto huenda nao. Mfungaji wetu, msichana wa kidato cha tatu mwenye mkono ambao sijauona tena, alikuwa anatoka dunguni kwa mtumbwi alfajiri, anahudhuria vipindi, anarudi kabla maji hayajamkatalia. Huyo ndiye asiye na moyo wa ushindani. Mabao yote sita ya siku ile yalikuwa yake.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, maana huko ndiko nilikopata maneno ya kulisema hili.

Mwaka jana, nikisoma mambo ya kalenda za shule kwa ajili ya tasnifu yangu, niliangukia mjadala wa Wamarekani kuhusu besiboli ya vyuo. Besiboli si ngeni kabisa kwetu. Pale Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, upo uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Japani. Ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu, unaotaka ardhi kavu na vidole vyenye hisia. Msimu wa vyuo huanza katikati ya Februari na kwisha Juni, kwa fainali zinazochezwa Omaha, Nebraska. Februari, Florida na Texas wanacheza na fulana. Februari, Michigan, Minnesota na Ohio uwanja uko chini ya theluji. Vyuo vya huko, vilivyo kwenye ligi iitwayo Big Ten, hufanya mazoezi ndani ya majengo na wiki za mwanzo husafiri kusini, mechi baada ya mechi ugenini, kabla ya kucheza nyumbani kwao hata mara moja.

Matokeo yake? Zamani walikuwa mabingwa: Michigan 1953 na 1962, Minnesota 1956, 1960 na 1964, Ohio State 1966. Kisha basi. Kuanzia 1966 hadi 2025 hakuna timu iliyotwaa ubingwa huo ikiwa kwenye Big Ten. Na huko nako wapo washika vipaza sauti wanaosema watu wa kaskazini hawaujui mchezo, na vijana wao wenye vipaji huhamia kusini, kisha kuhama kwao kunatolewa kama ushahidi kwamba kaskazini hakuna kitu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba. Mfungaji wetu naye alihamishwa na mjomba wake kwenda shule ya Mkuranga mwaka uliofuata.

Lakini angalia tofauti. Wamarekani, pamoja na kiburi chao chote, walilitambua tatizo kuwa ni la kalenda. Kuanzia 2013 kipimo chao cha kupanga ubora wa timu, RPI, kilianza kuhesabu ushindi wa ugenini kama 1.3 na ushindi wa nyumbani kama 0.7, yaani aliyesafiri alitambuliwa kwa hesabu, si kwa pole. Mwaka 2020 kocha wa Michigan, Erik Bakich, aliongoza pendekezo la kusogeza mwanzo wa msimu mbele kwa takriban mwezi mmoja. Msimu haujasogea. Ila hoja ilikuwa mezani, imeandikwa, na mwenye kuipinga alilazimika kutoa sababu. Sisi hatujafika hata hapo. Sisi tuna "wanakamilisha idadi."

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalipata kwenye kundi la WhatsApp la walimu: mbona shule fulani ya visiwani iliwahi kufika mkoani? Mbona yule kijana aliweza? Wamarekani nao wana wao. Mwaka 2019 Michigan hiyo hiyo ya theluji ilifika fainali, ikashinda mechi ya kwanza dhidi ya Vanderbilt, ikapoteza mbili zilizofuata. Mara moja. Anayetumia mara moja hiyo kuthibitisha kwamba baridi si kizuizi, atathibitisha pia kwamba mto hauna mamba kwa sababu jana alivuka salama. Mtu mmoja akipenya kwenye tundu la ukuta, ukuta bado upo.

Jibu la pili ni zito zaidi na sitalikwepa. Juni ni likizo. Madarasa yanakuwa matupu, wanamichezo wanapata pa kulala, vipindi havipotei. Ukisogeza michezo ya taifa hadi Agosti au Septemba unagongana na mtihani wa darasa la saba, na kidato cha nne wanaandaa mtihani wa Novemba. Kweli. Mimi ni mwalimu, sitaki mtoto akose mtihani kwa ajili ya netiboli.

Ila nani amesema wilaya lazima icheze mwezi mmoja kabla ya taifa? Delta inakauka kuanzia Juni. Kusi linavuma, mpunga umeshavunwa, vijito vimetulia, viwanja vinapasuka kwa ukavu. Chezeni ngazi ya kata na wilaya Agosti, chagueni kikosi cha awali, na Juni inayofuata kiendeni nacho mkoani na taifani. Wa kidato cha nne wanaoondoka Novemba hawangekuwepo Juni hiyo hata hivyo. Watakaokosa ni kidato cha kwanza wanaoingia Januari. Watengenezewe nafasi chache za majaribio, tatizo limekwisha au limepungua sana. Kenya wamegawa michezo ya shule kwa mihula miaka mingi: kikapu, mikono na magongo muhula wa kwanza, soka, netiboli na wavu muhula wa pili. Hakuna aliyekufa. Ratiba ni karatasi. Bamvua ndilo lisilojadiliwa.

Na kama Agosti ni kazi kubwa mno, basi mwaka mmoja kati ya mitatu leteni mashindano Nyamisati. Acha timu za mjini zisubiri maji yajae. Acha mchezaji wa kati wa shule kubwa iliyo kando ya lami ajifunze kuruka boti na viatu mkononi usiku, alale kwenye dawati, halafu tuone kama saa mbili na nusu asubuhi atakuwa na moyo wa ushindani. Nasema hili kwa hasira, naam, lakini pia nalisema kwa dhati.

Sijagusa bado jambo linaloniuma zaidi, kwamba orodha ya michezo yenyewe imeandikwa na watu wa nchi kavu. Nimeona watoto wa miaka kumi na miwili wakipiga kasia dhidi ya mkondo kwa namna ambayo kocha yeyote wa mbio angetoa machozi. Nimeona wasichana wakiogelea kuvuka kijito kufuata mtumbwi uliokatika kamba, wakarudi nao wakicheka. Kwenye mashindano ya wilaya niliyohudhuria hapakuwa na kasia wala kuogelea. Mtoto wa delta anaitwa aje apimwe kwa kile anachokosa nafasi ya kukifanya, wakati kile anachokifanya kila siku hakina hata saa ya kukipimia. Lakini hilo ni andiko jingine.

Kibiti wengi mnaijua kwa mauaji ya 2017. Wengine mmeijua kwa mafuriko ya 2024, pale maji yalipoingia mashambani, nyumbani na mashuleni, Rufiji na Kibiti, na wakati watu hawajakauka, Kimbunga Hidaya kikapiga Mafia tarehe 4 Mei na barabara ya kusini ikakatika. Nilikuwa nimeshaondoka. Nilimpigia mwalimu mwenzangu niliyemwachia michezo, nikamuuliza habari za nyumbani kwake, kisha, kwa aibu kidogo, nikamuuliza kuhusu timu. Alinyamaza. "Madam," akasema, "mpira wenyewe umeelea umeenda. Wanafunzi wangu wako kwenye mahema." Juni michezo ya taifa ilipigwa Tabora, bingwa akapatikana, picha zikawekwa mtandaoni. Sisemi ilipaswa kuahirishwa. Nasema kwamba mwaka ule, kwenye karatasi, shule yetu iliandikwa haikushiriki, na safu ya sababu ikaachwa tupu. Nimeiona karatasi.

Wiki iliyopita mwalimu huyo huyo alinipigia. Ratiba mpya imetoka, wilaya inacheza wiki ya kwanza ya Mei. Ana wasichana wanane, wawili bado wako dunguni. Ameangalia majedwali ya maji. Siku ya safari yanakupwa alasiri. Aliniuliza kama namjua mtu yeyote Nyamisati mwenye boti inayoweza kupita kwenye maji machache.

Nimempa namba mbili. Mmoja hapokei simu.